Pilau ya Kilima cha Mbuzi

Nchi ninayoisimulia haimo kwenye ramani. Mpima ramani alifika kweli, tena na vyombo vyake vyote, akaambiwa mhusika yuko kikaoni, arudi Jumatatu. Hajarudi, nasi hatumlaumu. Yatosha msomaji ajue kwamba ni nchi yenye bahari upande mmoja na serikali pande zote zilizobaki, na kwamba mimi nilikuwa mwandishi wa gazeti lake la pekee, *Sauti ya Utulivu*. Kwa hiyo kila ninalolisema ni kweli, au limeidhinishwa.

Mji wa Chumvini ulikuwa ufukweni kabisa, umejibanza baina ya maji na Kilima cha Mbuzi. Kilima hicho hakikuwa na mbuzi hata mmoja. Mbuzi walihamishwa zamani, na juu yake ikajengwa Nyumba ya Mapumziko ya Mtukufu Rais, ambaye hakuwahi kuja kupumzika kwa sababu, kama alivyosema mwenyewe, alikuwa hajachoka. Kilima kilizungushiwa seng'enge, langoni akawekwa askari mwenye bunduki, na ubao ukaandikwa: ENEO LA UTULIVU, USIPANDE. Watu wa Chumvini hawakupanda. Ni watu wasikivu sana, ndiyo maana nawapenda.

Basi mwaka mmoja marafiki zetu wa ng'ambo walituzawadia king'ora cha kutahadharisha tsunami. Kilikuja na mlingoti mrefu, na vyombo vya kutupwa baharini vinavyosikiliza chini ya maji. Kazi ya kukipokea ikaangukia Wizara ya Bahari, Visima na Majimaji Mengineyo, chini ya Mheshimiwa Tabaruki.

Waziri Tabaruki aliona matatizo mawili papo hapo. La kwanza ni neno lenyewe. Tsunami, alisema, ni neno lenye sura mbaya, litawatisha watalii. Likapigwa marufuku, na mahali pake pakawekwa jina la kiserikali: Ongezeko la Maji Lisilotarajiwa. La pili ni mlio. King'ora kilikuwa na mlio wa kwao, uuuu, kama mtu aliyebanwa kidole na mlango.

"Taifa huru," Waziri aliiuliza kamati, "litaliaje kwa sauti ya kuazima?"

Ikakubaliwa kwamba king'ora kipige wimbo wa taifa. Wajumbe walishangilia mpaka mmoja akateguka kiganja.

Kwa asiyeijua nchi yetu, lazima nieleze. Wimbo wa taifa ukipigwa, kila mtu husimama wima pale alipo, mikono ubavuni, asitikisike mpaka uishe. Hiyo ni sheria wala si desturi tu. Kinyozi mmoja wa Chumvini aliwahi kumpiga mbu shavuni katikati ya ubeti wa pili, akafungwa. Mbu naye alitajwa katika hati ya mashtaka, ila alifariki kabla kesi haijasikilizwa. Na beti zenyewe si haba. Kila mwaka Bunge huongeza ubeti mmoja wa mafanikio ya mwaka ule, na hakuna anayethubutu kusema upunguzwe hata mmoja, maana ataulizwa ni mafanikio yapi hayo anayoyakana.

Katika kamati ile mtu mmoja tu alinyoosha mkono. Alikuwa Dakta Mkangara, bwana mwembamba aliyesomea matetemeko ya chini ya bahari, aliyeitwa kikaoni kwa sababu sheria ilitaka awepo mtaalamu.

"Mheshimiwa," alisema, "king'ora kazi yake ni kuwafanya watu wakimbie. Huu wimbo utawasimamisha."

"Dakta," alijibu Waziri kwa upole, "wananchi waliosimama imara ndio nguvu ya taifa."

Maneno hayo yakachapwa kwenye fulana.

*

Mshereheshaji wa siku ya uzinduzi alikuwa Bi Zuwena Ngwali. Chumvini hapakuwa na harusi wala mahafali yaliyokamilika bila Zuwena na kile kipaza sauti chake cha mkononi, chenye mkanda wa kuvaa begani. Sauti yake ilikuwa na asali na pilipili kwa pamoja. Aliweza kumwambia bwana harusi kwamba suruali yake imechanika nyuma, mbele ya kadamnasi, na bwana harusi akashukuru.

Alikaa na baba yake, Sajini mstaafu Ngwali, mjane, mtu wa gwaride tangu ujana. Mzee huyu alikuwa na sifa mbili zilizojulikana mji mzima: hakutikisika wimbo wa taifa ukipigwa, hata siku nyigu alipomwingia kwenye kola, na hakusema uongo. Siku ya harusi ya Zuwena mwenyewe, mshenga alipotaja umri wa bibi harusi, mzee alisimama akausahihisha. Ndoa ile haikudumu, na Zuwena alirudi kwa baba yake bila kinyongo. "Angalau nyumbani," alisema, "najua nina miaka mingapi."

Wiki ya uzinduzi aliitwa na Mkuu wa Itifaki, ambaye jina lake halisi lilikwisha kusahaulika, sote tukimwita Bwana Itifaki. Alimkabidhi ratiba. Kulikuwa na hotuba ya Naibu Waziri kumkaribisha Katibu, hotuba ya Katibu kumkaribisha Waziri, hotuba ya Waziri, ngoma, kisha neno la shukrani la Waziri kwa hotuba ya Waziri. Chini kabisa, baada ya dua ya kufunga, paliandikwa: "Dakta Mkangara: Jinsi Ongezeko la Maji Linavyotokea (iwapo muda utaruhusu)."

Zuwena alikwenda kumtafuta Dakta ili wapunguze maneno. Alimsikiliza mchana kutwa, akicheka kila alipotaka kulia.

"Dakta wangu, nipe maneno mawili tu. Mtu akisahau mengine yote, hayo yamfae."

Dakta alifikiri. "Ardhi ikitikisika, na bahari ikarudi nyuma, panda juu. Na wimbi la kwanza likipita usishuke, maana mengine yanafuata, na la kwanza si lazima liwe kubwa."

"Hayo si maneno mawili."

"Ndiyo mafupi kuliko yote niliyonayo, Bi Zuwena."

*

Asubuhi ya uzinduzi uwanja wa ufukweni ulijaa pomoni. Sitaki kuwadanganya kwamba watu walikuja kwa mapenzi ya king'ora. Ilivuma kwamba kuna chakula. Kwa bahati mbaya hakikuwepo, kwa kuwa kamati ya chakula ilikuwa imeshakula.

Sajini Ngwali alikaa kiti cha mbele, na nishani zake kifuani. Waziri Tabaruki alikuwa amefika pale katika hotuba yake anapomshukuru Mtukufu Rais kwa kutupatia bahari, ndipo ardhi ikatikisika. Haikuwa mtikisiko wa lori kupita. Viti vilitembea. Mlingoti wa king'ora ulicheza kama mwari. Birika la chai la meza kuu lilianguka, na watu wakashikana mabega wasijue washike nini kingine.

Ulipotulia, Waziri alikuwa bado amekumbatia jukwaa. Akajikung'uta.

"Mmeona?" alisema. "Hata ardhi imepiga makofi."

Tukapiga makofi nasi. Hatukupenda kuachwa nyuma na ardhi.

Haukupita muda, na utepe ulikuwa bado haujakatwa, king'ora kikaanza chenyewe. Wimbo wa taifa ulitoka kwenye mlingoti kwa nguvu ambayo hatujapata kuisikia. Bwana Itifaki alivimba kwa hasira, maana chombo kimezungumza kabla ya mgeni rasmi kukiruhusu. Lakini hakuweza kufanya kitu. Alikuwa amesimama wima, mikono ubavuni. Sote tulikuwa tumesimama wima. Hata waliokuwa chooni, nadhani.

Na hapo, mbele ya macho yetu, bahari ikaanza kuondoka.

Iliondoka kama maji ya beseni lililotobolewa. Ikaacha mchanga, ikaacha matumbawe, ikaacha mashua zimelala ubavu, ikaacha samaki wanarukaruka hawaelewi wameikosea nini. Tuliyaona mambo ambayo babu zetu hawakuyaona: nanga za kale, gari la serikali lililoripotiwa kuibwa, na mabomba ya mradi wa maji uliokuwa umezinduliwa mara mbili. Wavulana walitamani kukimbilia samaki. Wazazi wao waliwakodolea macho, kwa kuwa ni macho tu yaliyokuwa halali kuyatikisa.

Zuwena alikuwa pembeni ya jukwaa, kipaza sauti begani. Dakta Mkangara alikuwa nyuma yake. Nilimsikia akisema bila kufungua meno: "Bi Zuwena. Ndiyo hiyo."

Alikuwa mshereheshaji wa kwanza katika historia ya nchi yetu kuzungumza wimbo wa taifa ukipigwa.

"Ndugu zangu," alisema, "hii ni tsunami. Tukimbieni kilimani. Sasa hivi!"

Hakuna aliyetikisika. Mtu aliyekuwa mbele yangu alinong'ona kwamba hilo bila shaka ni jaribio la uzalendo, wanatazama nani atakimbia. Mwingine alisema neno tsunami ni marufuku, kwa hiyo haiwezi kuwa ndiyo. Mke wa kinyozi yule aliyefungwa, mtoto mgongoni, machozi yakimtiririka, alisimama imara kuliko wote.

Nilimwona Zuwena akiwatazama. Aliwajua mmoja mmoja, alikuwa amewaoza karibu wote. Nadhani ndipo alipokumbuka kazi yake. Alivuta pumzi, na sauti iliyotoka sasa ilikuwa ile ya harusini, ya asali.

"Mabibi na mabwana! Kwa heshima na taadhima, Wizara inawatangazia kwamba pilau imeiva. Narudia, pilau imeiva! Imepakuliwa Kilima cha Mbuzi, katika bustani ya Mtukufu Rais, na kachumbari iko pembeni. Mheshimiwa Waziri, wewe ndiye mgeni rasmi. Tunakuomba utangulie ukafungue meza!"

Tulimtazama Waziri Tabaruki kwa pembe za macho. Shingo yake ilikuwa imenyooka kizalendo. Kisha pua ikacheza. Kisha mguu wa kulia, wenyewe, bila amri yoyote ninayoijua, ukageuka kuelekea kilimani.

Mgeni rasmi akishaondoka, sheria inasema watu wamfuate.

*

Nimewahi kuona watu wakikimbia mabomu ya machozi, nimewaona wakikimbia wakusanya kodi. Sijaona mbio kama zile. Vikongwe waliwapita vijana. Wapishi wa hotelini walikimbia na miko mikononi. Naibu Waziri alikimbia huku akipiga kelele kwamba yeye hali wali, anakwenda kusimamia tu.

Langoni askari wa kilima alikuwa amesimama wima, bunduki ubavuni, wimbo ukimfikia vizuri kutoka chini. Alikuwa na amri ya kumzuia kila mtu, lakini kumzuia mtu kunataka kutikisika. Tulipita mbele yake mji mzima. Watu wa Chumvini wana adabu. Kila aliyepita alimwamkia, naye akaitikia kwa kope.

Zuwena, kama alivyonisimulia baadaye, alikuwa wa mwisho kuondoka uwanjani. Aligeuka kuhakikisha, akaona kiti cha mbele kina mtu.

Sajini Ngwali hakuwa amekaa. Alikuwa amesimama wima mbele ya kiti chake, peke yake, kati ya viti vilivyopinduka, kidevu juu, akiitazama bahari isiyokuwepo. Zuwena alirudi mbio.

"Baba! Baba, twende!"

"Wimbo haujaisha," mzee alisema bila kuchezesha midomo.

"Baba, nakuomba. Maji yanakuja."

"Nayaona."

Yalionekana kweli. Mbali, kwenye ukingo wa bahari, palikuwa na mstari mweupe uliokuwa ukinenepa. Zuwena alimvuta mkono. Ilikuwa kama kuvuta nguzo ya simu. Alimlilia, akamtukana, akamtajia marehemu mama yake. Mzee machozi yalimtoka, lakini hakuondoka. Nadhani mwenyewe alitamani mguu wake ugeuke kama ule wa Waziri. Miguu mingine imefundishwa vizuri mno.

Ndipo Zuwena akapiga hatua mbili nyuma, akajikaza, akaweka kipaza sauti mdomoni na kufoka kwa sauti aliyokuwa akiisikia uani kwao tangu hajaota meno:

"Gwaride! Gwaride, mguu sawa! Nyuuuma... geukaaa!"

Visigino vya Sajini Ngwali vikagongana. Akageuka.

"Kwa mwendo wa haraka, mbeleee... tembea!"

Akatembea. Mkono ukipanda na kushuka, nishani zikilia, mzee alipanda njia ya kilima, na binti yake nyuma yake akihesabu mguu: kushoto, kulia, kushoto, kulia, huku analia. Walipofika langoni yule askari alikuwa bado amesimama pale pale, na maji yalishaanza kuingia mtaa wa kwanza. Sajini hakusimama. Alimtupia jicho la afande.

"Wewe! Ungana na gwaride!"

"Ndiyo, afande!" akaitika kijana wa watu, kwa sauti ya mtu aliyekuwa akingojea kuambiwa hivyo tangu azaliwe.

*

Sikulitambua wimbi nilipoliona. Nilikuwa nimezoea picha za wimbi lenye mkunjo na povu kileleni. Hili lilikuja kama bahari nzima imeamka na kuamua kuhamia mjini, na vyombo vyake vyote. Lilibeba mahema ya sherehe, likabeba viti, mapipa, magari, milango. Lilipanda ngazi za Wizara bila kujiandikisha mapokezi. Kisha likarudi lilikotoka, na vitu lilivyobeba wakati wa kurudi vilikuwa vingi kuliko vya wakati wa kuja.

Kilimani tulikaa, maana wimbo haukutufikia huko juu. Ila Waziri Tabaruki alikuwa akizunguka bustani.

"Meza iko wapi?" aliuliza.

Swali hilo liliwazindua watu. Wakaanza kutazamana. Hapakuwa na sufuria, hapakuwa na moshi, hapakuwa hata na harufu. Minong'ono ikaanza, na mwingine akasema kama hakuna wali, yeye anashuka akaokote alichobakiwa nacho. Maji yalikuwa yameondoka na mji ulikuwa umelala pale chini, umelowa. Waziri naye aliona fursa. Alinyoosha tai yake, akatutangazia:

"Wananchi, Ongezeko limedhibitiwa. Mimi nashuka kuwafariji walioathirika."

"Walioathirika ndio sisi, Mheshimiwa," alisema mtu. "Tuko hapa."

"Basi nikayafariji majengo."

Akashuka. Aliniamuru nimfuate kwa habari, lakini kwa masikitiko makubwa kalamu yangu ilikuwa imeishiwa wino. Aliyemfuata ni Maalim Kheri, muuza vitabu, aliyesema anakwenda kufunga duka mara moja tu.

Na wengine walianza kuinuka. Kundi zima lilikuwa linaelekea langoni. Zuwena alimshika Dakta Mkangara mkono, akamsukuma juu ya ngazi ya Nyumba ya Mapumziko na kumvika kipaza sauti.

"Ndugu zangu!" Zuwena alipaza sauti yake mwenyewe. "Mnakwenda wapi? Hebu niambieni, tangu lini katika nchi hii chakula kikaja kabla ya hotuba?"

Watu wakasimama. Hoja ilikuwa nzito. Mzee mmoja akaguna, "Kweli, hatujahutubiwa," akakaa chini kwenye majani. Mwingine akakaa. Mji wote ukakaa, kwa ule uchovu wa heshima tuliozoea, na Dakta Mkangara, ambaye hakuwahi kupewa muda maishani mwake, akapewa muda.

Alisema mawimbi tunayoyaona kila siku ni upepo tu unaopapasa ngozi ya bahari. Hili ni jambo jingine. Chini kabisa, sakafu ya bahari ina vipande, vinabanana miaka na miaka kama abiria wawili wanaogombea kiti kimoja. Siku kimoja kikifyatuka, kinayainua maji yote yaliyo juu yake, kuanzia chini hadi juu. Kwenye kina kirefu maji hayo hukimbia kama ndege ya abiria, na aliye chomboni juu yake hahisi kitu. Yakifika kwenye maji mafupi, ya mbele yanapunguza mwendo, ya nyuma yanayapanda, yanarundikana.

"Na kwa nini bahari ilirudi nyuma?" aliuliza mke wa kinyozi.

"Mama, umewahi kumwona beberu anayetaka kupiga pembe? Anafanyaje kwanza?"

"Anarudi nyuma."

"Sasa, akishapiga mara moja, huwa anakwenda zake?"

Jibu lilitoka ufukweni: bahari ilikuwa imerudi nyuma tena, mbali zaidi ya mara ya kwanza.

La pili lilikuwa kubwa. Sitalieleza sana. Lilifika mpaka kwenye lango la kilima, likaung'oa ule ubao wa USIPANDE na kwenda nao. Dakta hakunyamaza. Alizungumza kwa sauti ya chini, pole pole, kama mtu anayemsomea mgonjwa, akitueleza kwamba litakuja jingine na pengine jingine, na kwamba tutashuka atakaposema yeye, si kabla. Lilikuja jingine. Tulikaa. Jua lilipoanza kuinama hapakuwa na mtu aliyekuwa akiuliza habari za wali.

Waziri Tabaruki tulimwona siku hiyo hiyo, akiwa hai, juu ya mlingoti wa king'ora, ameukumbatia kwa mikono na miguu. Wimbo wa taifa ulikuwa bado unapigwa chini ya kwapa lake. Duka la Maalim Kheri pia lilionekana, limefungwa vizuri. Yeye hakuonekana tena.

*

Serikali haikukaa kimya. Waziri alipewa Nishani ya Uzalendo ya Daraja la Kwanza, kwa kuwa yeye peke yake aliusikiliza wimbo mpaka mwisho. Kuhusu maji, msimamo ulikuwa wazi: Ongezeko haliwi Ongezeko mpaka kamati ilitangaze, na kamati haikufikisha akidi, kwa kuwa wajumbe wote walikuwa kilimani. Kwa hiyo halikutokea.

Tatizo lilikuwa pilau. Mtukufu Rais aliposoma habari gazetini kwamba nyumbani kwake kumefanyika karamu na yeye hakualikwa, alisononeka. Ikabidi ithibitishwe kwamba karamu haikuwepo, na kwamba aliyeitangaza ni mwongo. Bi Zuwena Ngwali akashtakiwa kwa Kutangaza Pilau Isiyokuwepo kwa Nia ya Kuhamisha Watu.

Kesi ilisikilizwa ndani ya hema, mahakama ikiwa imekwenda na maji. Hakimu Mwinjuma alimwonya mshtakiwa mapema: asitaje maji, kwa kuwa hayamo kwenye kumbukumbu.

"Sasa nitajiteteaje, Mheshimiwa?"

"Kwa pilau," alisema Hakimu. "Ilikuwepo au haikuwepo?"

Zuwena akanyamaza. Lakini mji haukunyamaza. Shahidi wa kwanza wa serikali alikuwa mke wa kinyozi. Wakili wa serikali alimuuliza kama aliona pilau kilimani.

"Niliila," alisema. "Kachumbari ilizidi chumvi."

Wa pili alikuwa yule mzee aliyekuwa wa kwanza kukaa kwenye majani. Alilalamika kwamba yeye alipewa mfupa mtupu na jirani yake paja zima, akaomba mahakama iliangalie hilo. Askari wa lango aliapa kwamba alipakuliwa mara mbili. Mpishi wa hotelini alisema aliionja, si mbaya, ila binafsi angeongeza bizari nyembamba. Walipita hivyo mmoja baada ya mwingine, na wakili akazidi kulowa jasho, mpaka akakumbuka kwamba mjini kulikuwa na mtu asiyesema uongo.

"Namwita Sajini mstaafu Ngwali."

Zuwena aliinamisha kichwa. Alimjua baba yake. Alikuwa na cheti cha ndoa cha kuthibitisha.

Mzee aliingia kwa mwendo wa gwaride, akasimama wima.

"Mzee," alisema wakili akitabasamu, "siku ile kilimani, ulikula pilau? Ndiyo au hapana?"

Sajini Ngwali alimgeukia Hakimu.

"Mheshimiwa Hakimu," alisema, "nilifika juu nikawatazama watu. Niliwaona majirani zangu, na watoto wao. Nilimwona huyu mama ananyonyesha. Nilikuona wewe, umevua viatu. Nikawapitia mmoja mmoja, kama tunavyofanya gwarideni, wakatimia wote isipokuwa Maalim Kheri, Mungu amrehemu. Mimi nimekula karamu nyingi za serikali. Sijapata kushiba kama siku ile."

"Hilo si jibu!" wakili akaruka.

Hakimu Mwinjuma alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyokuwa chafu.

"Ni jibu," alisema. "Karani, andika. Shahidi alishiba. Na mtu hashibi kwa kitu kisichokuwepo. Mshtakiwa yuko huru."

Nje, watu walimzunguka Zuwena kwa vigelegele, kisha wakawapisha. Baba na binti walishika njia ya kuelekea kwenye mahema ya juu, walikokuwa wakiishi sasa. Niliwafuata kwa nyuma, kwa ajili ya gazeti.

"Sauti yako ya amri ni mbovu," mzee alisema.

"Baba?"

"'Geuka' haivutwi mwishoni. Unaikata, kama panga. Na ulihesabu kushoto wakati mimi niko kulia, njia nzima."

"Nilikuwa nalia, baba."

"Nilikusikia."

Zuwena alianza kucheka, akashindwa kujua kama bado anacheka, akasimama katikati ya njia na kufunika uso kwa mtandio. Mzee alisimama kando yake, mikono ubavuni, hajui aifanye nini. Kisha mkono mmoja ukatoka ubavuni pole pole, kama unaoomba ruhusa, ukamshika bega.

"Haya, mwanangu," alisema. "Twende. Mwendo wowote tu."

Wakaenda, kila mmoja kwa mguu wake.